Besi, Aliyetumwa Kutuachisha

Ilikuwa ukimwona Besi anapanda njia ya kwenu amevaa koti, na siku yenyewe si Jumapili, ujue kazi yako katika bendi imekwisha. Alikuwa na koti moja tu, la kahawia, la kwendea kanisani. Alilivaa siku hizo kwa sababu aliona si adabu kumwendea mtu na habari kama hiyo huku umevaa shati lenye madoa ya kahawa. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayeeleza kwa nini hunawa mikono kabla ya kula.

Jina alikuwa nalo, lakini sisi tulimwita Besi. Alipiga gita la besi katika bendi yetu, na Jumapili aliimba sauti ya besi katika kwaya, kwa hiyo jina lilimkaa pande zote mbili. Watoto wa Karatu walimwamkia, "Shikamoo Besi," naye akaitikia bila kuona ajabu. Nilimjua kwa miaka mingi, na mpaka leo nikimkumbuka naona aibu. Sijui vizuri aibu hiyo ni ya nani, yake au yetu sote.

Bendi iliitwa Radi. Aliyeianzisha ni Boay, mtoto wa fundi mitambo wa shamba moja la kahawa lililokuwa juu ya mji, upande wa msitu. Boay alikwenda Nairobi kutafuta kazi, akarudi na gita jekundu la umeme, amplifaya, suruali ya bugaluu na nywele zilizokataa kuingia kwenye kofia. Hakutaka rumba kama bendi nyingine. Alitaka roki. Alikuwa na kijisanduku cha kukanyaga kwa mguu kilicholifanya gita likorome kama trekta lililokwama matopeni. Wazee wa kambi ya wachumaji walipousikia mlio ule mara ya kwanza, walikwenda kumwita baba yake aje aangalie jenereta.

Walioanza naye walikuwa watatu. Marseli, binamu yake, alikuwa mwimbaji. Lazaro, mtu wa Singida, alipiga ngoma. Na ngoma zenyewe zilikuwa madebe ya mafuta na pipa lililokatwa, akaliwamba ngozi ya mbuzi. Wa tatu ni Besi. Besi na Lazaro walikuja pamoja kuchuma kahawa, wakapewa chumba kimoja kambini, wakalala vitanda vinavyotazamana. Walipikiana, walinyoana nywele, na mmoja akiugua homa mwenzake alimchumia debe lake la kahawa ili mnyapara asimkate mshahara. Jumamosi mchana ghala la magunia likiwa tupu, Boay alivuta nyaya kutoka kwenye jenereta, na bugi, dansi la mchana, likaanza. Vijana walitoka mjini kwa miguu, na wengine walitoka mbali zaidi, viatu vyao vya raizoni wamevishika mikononi ili visichafuke.

Besi mwenyewe alipiga peku. Alivua viatu, akavipanga nyuma ya spika, akasimama karibu na ngoma za Lazaro huku anatazama mbao za sakafuni. Alisema anataka kusikia kwa nyayo. Hakupiga manjonjo. "Besi ikisikika sana," aliwahi kuniambia, "ujue kuna mtu amekosea." Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, na hakuwahi kuwatazama wachezaji. Mfukoni alikuwa na karanga za kukaanga ambazo alizitafuna kati ya wimbo na wimbo. Kijana mlevi akimwagia mwenzake pombe, Besi ndiye aliyeweka gita chini akaenda kuwasuluhisha, na walimsikiliza. Alikuwa na uso ambao ni vigumu kuukasirikia. Uso huo ndio uliomponza.

Wa kwanza kuondolewa alikuwa Marseli. Sauti yake ilifaa harusini, lakini gita lile liliimeza. Boay aliamua kutafuta mwimbaji mwingine, ila hakuweza kumwambia, kwa kuwa mama wa Marseli, shangazi yake, ndiye aliyemlea. Akamtazama Lazaro, Lazaro akatazama nje. Akamtazama Besi.

"Nenda wewe," alisema. "Wewe watu hawakukasirikii."

Besi akaenda. Kwa kina Marseli alikaribishwa vizuri. Akala, akauliza habari za mahindi, akamsifu ndama aliyefungwa uani. Alipokuwa anaaga, mkono wake ukiwa umeshashika komeo, akasema, "Marseli, Jumamosi usihangaike kuja." Kisha akamshukuru mama mwenye nyumba kwa chakula, akaondoka. Marseli alidhani bugi limeahirishwa. Jumamosi ile alibaki nyumbani akipalilia, akasikia muziki unavuma kutoka kwenye ghala.

Tangu hapo neno "usihangaike" liliogopwa. Boay naye aligundua kwamba kubadilisha watu ni jambo rahisi, maana yeye hakuwa anaona sura zao. Alileta mpiga kinanda kutoka Mbulu, akamchoka. Alileta mwimbaji aliyejua nyimbo za Kiingereza, akamchoka. Kila mmoja alitembelewa na Besi, na kwa kila mmoja Besi alikula, kwa sababu kukataa chakula cha mtu kungekuwa kumwongezea dharau. Watu walisema nyuma yake kwamba yule bwana anakuja kukufukuza na bado anamaliza mboga.

Mimi niliingia wakati huo wa kuingiza na kutoa. Besi alinisikia kwenye kwaya, akaja kwetu Qurus Jumapili moja, amevaa koti lake, kuzungumza na baba yangu. Baba alikuwa mkulima mkali, aliyeheshimiwa, aliyekaa benchi la mbele kanisani.

"Binti yangu aimbe mbele ya walevi?" baba aliuliza.

"Mzee, nitamchukua mwenyewe hapa," Besi alisema, "na nitamrudisha mwenyewe hapa."

Baba alimtazama muda mrefu. Nadhani aliliamini lile koti. Akakubali, na kwa kukubali akajitia katika maneno ya watu. Baada ya miezi michache nilimwona amehamia benchi la nyuma, karibu na mlango, na hakuniambia kwa nini. Mimi nilijua. Nikisimama kwenye ghala na maikrofoni mkononi, gita la Boay likinguruma, nilijisikia mrefu kuliko kawaida yangu. Nikirudi kanisani nilitamani kuingia chini ya kitenge cha mama.

Besi alitimiza neno lake. Kila Jumamosi alinifuata na kunirudisha, akitembea mbele yangu hatua kadhaa ili asionekane ameandamana na mwanamke. Tulizungumza hivyo hivyo, yeye akiongea na njia. Siku moja nilimuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua.

"Kaka Besi, kwa nini hukatai anapokutuma?"

"Nikikataa atakwenda Boay. Boay atamtukana mtu mbele ya mke wake. Mimi angalau nitakaa naye kidogo."

"Lakini akiambiwa aende mwenyewe, labda hatakwenda. Labda mtu atabaki na kazi yake."

Alitembea mbele yangu mpaka tulipovuka korongo.

"Hilo sijalifikiri," akasema.

Alikuwa amelifikiri. Mtu hatembei vile, mabega yameanguka, kwa jambo alilolisikia mara ya kwanza.

Kisha ikafika zamu ya Lazaro. Boay alikutana Arusha na kijana mwenye ngoma zake za kisasa, zenye matoazi yanayong'aa na pedali ya mguu. Kijana alikubali kuja Karatu. Boay alimwita Besi pembeni, na mimi nilikuwa nakunja nyaya karibu nao, nikasikia.

"Lazaro ni mtu wako," Boay alisema. "Ataelewa ukimwambia wewe."

Besi akavaa viatu. Alirudi kambini akavaa koti. Lazaro wakati huo alikuwa ameoa na amepewa kijishamba nyuma ya kambi. Besi alimkuta anapukuchua mahindi. Akavua koti, akalitundika kwenye mti, akakaa naye wakapukuchua mchana kutwa. Walizungumza habari za kwao, za bei ya sabuni, za mtoto wa Lazaro aliyekuwa anaota meno. Jua lilipoelekea kuzama, Besi alisimama, akachukua koti, akafika kwenye ua, akageuka. Mke wa Lazaro ndiye aliyenisimulia haya baadaye. Alisema Besi alifungua mdomo, akaufunga, akasema, "Mahindi yenu ya mwaka huu mazuri." Kisha akaenda zake.

Jumamosi Lazaro alikuja ghalani kama kawaida, amevaa shati jeupe, vijiti vyake vya ngoma ameviweka kwapani. Watu walikuwa wameshajaa. Akapanda jukwaani akamkuta kijana wa Arusha ameketi, anakaza parafujo za matoazi yake. Madebe yake na lile pipa vilikuwa vimewekwa nje, karibu na mifereji ya kuoshea kahawa.

Lazaro alimtazama yule kijana. Akamtazama Boay, ambaye alikuwa ameinamia kijisanduku chake cha mguuni. Akamtazama Besi. Besi alikuwa ameshavua viatu, anatazama mbao. Hakuinua macho. Mimi nilikuwa na maikrofoni mkononi na sauti yote ya ghala lile ingekuwa yangu kama ningetaka kusema kitu.

Lazaro hakugomba. Spika kubwa ilikuwa bado chini, na siku zote yeye ndiye aliyeipandisha, maana alikuwa na nguvu. Akaviweka vijiti sakafuni, akainama, akaibeba ile spika, akaipandisha jukwaani, akaisogeza mahali pake. Akajipangusa vumbi kwenye shati. Ndipo akashuka, akapita katikati ya watu, akatoka. Vijiti aliviacha.

Tulipiga. Kijana wa Arusha alikuwa na kishindo kikubwa, watu wakapiga miluzi. Besi alipiga nyimbo zote bila kosa. Njiani kunirudisha Qurus hakutafuna karanga, nami sikumwuliza kwa nini. Juma lile lile Lazaro alihama na familia yake kwenda Mang'ola kulima vitunguu. Ni mteremko wa siku moja tu kutoka Karatu, gari za vitunguu zilipanda na kushuka kila mara, na Besi hakwenda kumwona hata siku moja. Kitanda kilichotazamana na chake, kilichobaki kitupu tangu Lazaro aoe, hakumpa mtu mwingine. Wachumaji wapya walipoletwa na mnyapara akataka kumweka mmoja pale, Besi alisema kitanda kina kunguni.

Baada ya hapo hakushindwa tena kusema. Alikwenda, akala, akasema. Alikuwa kama mtu aliyeungua mara moja na sasa hushika chungu haraka haraka ili amalize.

Nisifanye ionekane kama alikuwa mtu wa huzuni wakati wote. Alipenda mzaha. Siku ofisa wa utamaduni alipokuja kukagua bendi, akalalamika kwamba muziki wetu ni wa kigeni na haufundishi wananchi lolote, Besi alimwambia, kwa sauti ya heshima kabisa, "Mzee, unafundisha uvumilivu." Yule ofisa alicheka mpaka akaomba maji, na akatuachia kibali. Pia Besi alikuwa na wivu wa ajabu juu ya gita lake. Halikuwa lake, lilikuwa la Boay, lakini hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Mtu aliyekubali kuwatoa wenzake mmoja baada ya mwingine hakukubali mtu aguse nyuzi zile hata kwa kidole.

Hoteli moja ya watalii kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ilitusikia, ikatuita tupige alasiri bustanini, wageni wakinywa chai. Kwetu ilikuwa kama kuitwa Ulaya. Wakati huo tulikuwa na mpiga gita la pili aliyeitwa Lemburis, Mmaasai wa Piyaya, aliyesoma shule ya misheni na kujifunza gita huko. Alikuwa mkimya, safi, na suruali zake alizinyoosha kwa kuzilalia chini ya godoro.

Meneja wa hoteli alitusikiliza, akasema muziki ni mzuri lakini wageni hawakusafiri mbali kuja kuona bugaluu. Akaleta shuka nyekundu na shanga. Kila mmoja avae, alisema, na kati ya wimbo na wimbo turuke kidogo.

Boay alikubali papo hapo. Lemburis alikataa.

"Mimi si nina hizi nguo nyumbani?" alisema. "Baba yangu amevaa leo asubuhi. Nikizivaa, nitazivaa nikienda kwake."

Boay alimtazama Besi. Safari hii hapakuwa na koti wala chakula. Besi alimchukua Lemburis nyuma ya jiko la hoteli, na walikaa huko muda mfupi sana. Lemburis aliporudi alipanga nyuzi zake za akiba ndani ya kitambaa, akatupa mkono mmoja mmoja, mimi pia, akaondoka kwa miguu kufuata barabara ya Malanja, iendayo kwao.

Tukavaa. Boay aliyekuwa Mwiraqw, kijana wa Arusha ambaye hakujua hata salamu ya Kimaasai, mimi na Besi. Besi alijifunga shuka kifuani kama mwanamke anayetoka kuoga, akaikaza na pini, na chini yake suruali yake ya kuchumia kahawa ilionekana. Alipiga besi. Ilipofika zamu ya kuruka akaruka, akitazama chini. Wageni walipiga picha. Mzungu mmoja mama mzima alikuja kusimama katikati yetu ili apigwe picha nasi, na alinukia sabuni nzuri.

Tulifanya hivyo kwa majuma mengi, na nikajizoesha kutojitazama. Halafu alasiri moja wakapita wazee wa Kimaasai. Walikuwa wametoka kwenye mkutano ofisini, habari za malisho, na njia yao ilipita kando ya ua wa hoteli. Wakasimama kutazama. Hawakucheka. Mmoja wao, mrefu, mkongwe, alimwambia askari wa mlangoni kitu, askari akamfungulia. Akaja moja kwa moja mpaka kwa Besi. Wimbo ulikuwa umekwisha.

"Sopa," alisema.

"Epa," Besi alijibu. Salamu hiyo angalau aliijua.

Yule mzee aliegemeza fimbo yake kwenye spika. Akaitoa ile pini kifuani kwa Besi, akamwekea mkononi. Akaifungua shuka, akaikunjua, akaipitisha chini ya kwapa na kuifunga juu ya bega, taratibu, akaishusha upande uliokuwa umepanda, kama mtu anayemvalisha mtoto siku ya sherehe. Besi alisimama mikono imening'inia. Wageni walipiga picha hiyo pia.

Alipomaliza, mzee aliuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Kijana wangu, Lemburis, iko wapi leo?"

Besi aliifumbata ile pini.

"Amekwenda Arusha, mzee. Kuna nyuzi za kununua."

"Vizuri," mzee alisema. "Mwambie mama yake anamsalimia." Akachukua fimbo yake, akaenda kuwakuta wenzake.

Hatukujua Lemburis alikuwa wapi. Nyumbani hakuwa amefika, hilo sasa lilikuwa wazi. Baadaye tulisikia alivuka kwenda Kenya na akakaa huko miaka. Alasiri ile Besi alimwomba Boay waache kuruka. Boay alisema mkataba ni mkataba. Besi akaendelea kuruka, ila tangu siku hiyo alifunga shuka kama yule mzee alivyomfunga, na nadhani hilo lilikuwa baya zaidi.

Mimi zamu yangu ilifika mwaka ambao mpaka na Kenya ulifungwa na wageni wakapungua. Hoteli ilitaka wacheza shoo wasichana, wengi, wadogo. Nilikuwa uani Qurus natwanga mahindi, nikaona koti linapanda. Niliacha mchi kinuni. Sikumpa nafasi ya kukaa.

"Nisihangaike?" nilimwuliza.

Alisimama pale kwenye lango. Machozi yalimlenga, na mimi nilikasirika kwamba ananinyang'anya hata kulia, maana sasa ilibidi mimi nimtulize. Mama alimletea maji. Baba alitoka ndani. Miaka yote nilipokuwa naimba aliona haya; sasa nimeondolewa, na niliona usoni mwake kwamba ameona haya upya, kwa upande mwingine. Majirani wangeuliza.

"Uliniambia utamrudisha mwenyewe," baba alimwambia Besi.

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Umemrudisha. Karibu ugali."

Besi alikula ugali wetu na mlenda. Watoto walikwaruza ukoko sufuriani. Sikumchukia. Nilitaka kumchukia, lakini alikuwa anakula kama mtu anayetumikia adhabu.

Yeye mwenyewe aliachwa muda si mrefu baada ya vita vya Uganda, petroli ilipokuwa haipatikani na jenereta ya shamba ikawa haiwashwi. Boay aliamua kuhamishia Radi Arusha. Alipata gari la mizigo lililokuwa linashuka, akapakia vyombo vyote alfajiri, akapanda na wasichana wake na kijana wa ngoma. Mpiga besi mwingine alikuwa anamsubiri huko. Besi alikwenda ghalani Jumamosi kama kawaida, akavua viatu, akaingia, akakuta magunia. Aliyemwambia ni mlinzi. Hapakuwa na mtu wa kumtuma kwa Besi, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa yake. Karatu wapo waliocheka, wakasema naye ameonja. Nilipoambiwa kwamba alikaa kwenye ngazi za ghala mpaka mlinzi akamletea viatu vyake, sikucheka, ila sikwenda kumpa pole pia.

Nikaolewa, nikapata watoto, nikawa Mama Theresia, nikamwona mara chache, kanisani, kwa mbali. Kwenye kwaya hakuwapo tena. Masikio yalikuwa yameharibika kwa miaka ya kusimama karibu na spika.

Halafu Boay alifariki huko Arusha kwa ugonjwa wa tumbo, na baba yake, mzee sana sasa, akamleta azikwe Karatu. Ilikuwa miaka ile ya sukari ya kutafuta, kwa hiyo chai ya msiba haikuwa na sukari. Nilikwenda. Marseli alikuwapo. Na kwenye benchi la pembeni, amevaa kofia, nilimwona Lazaro. Alikuwa amepanda na gari la vitunguu. Mvi zilikuwa zimemjaa, mikono imekuwa mizito kwa jembe.

Baada ya maziko baba wa Boay aliomba mtu mmoja wa bendi aseme neno. Macho yote yakamgeukia Besi. Akasimama. Aliongea kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama viziwi wanavyoongea. Alisema Boay alileta Karatu muziki ambao haukuwepo. Kisha akaanza kututambulisha. "Yule pale ni Marseli, mwimbaji wetu. Yule ni Mama Theresia, mwimbaji wetu pia. Na yule mwenye kofia ni Lazaro, mpiga ngoma wetu." Watu wakaitikia kwa kichwa. Mimi niliinamisha uso. Alikuwa anatutaja kama watu ambao hawakuondoka kamwe.

Baadaye tulikaa kunywa chai, Lazaro akaja akaketi mbele ya Besi. Hawakuwa wamesemezana tangu ile siku ya spika. Lazaro alisema kitu kwa sauti ya chini. Besi aliweka mkono sikioni.

"Sijasikia. Sema tena."

Lazaro alisema tena. Besi akatikisa kichwa. Ikabidi Lazaro apaze sauti, na benchi zima likageuka.

"Nimesema, usiniite mpiga ngoma wenu. Niliachishwa. Ila hakuna aliyeniambia. Sasa niambie."

Besi aliweka kikombe chini. Alitazama huku na huku, kama anayetafuta nani amtume. Wote tulikuwa pale, na hapakuwa na mtu.

"Boay alitaka mtu mwingine," akasema. "Nilikuja kwako kukuambia, tukapukuchua mahindi, nikashindwa. Ulikuwa umeachishwa, Lazaro."

"Kwa nini?"

"Yule kijana alikuwa na ngoma zake mwenyewe. Za dukani."

"Basi hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Haikuwa kwamba napiga vibaya?"

"Nani alisema unapiga vibaya? Hakuna aliyekuwa anapiga kama wewe. Mimi sikupata tena mtu wa kusimama naye."

Lazaro alivua kofia akaiweka magotini. Aliitazama. "Mang'ola kanisani wameniomba niwapigie ngoma tangu nilipofika," akasema. "Nikawaambia sijui. Nilijua kama rafiki yangu ameshindwa hata kunitazama, basi lazima nilikuwa nawatia aibu."

Besi hakuomba msamaha. Nilisubiri aombe, na nadhani Lazaro naye alisubiri. Besi alifungua mdomo, akaufunga. Nje dereva wa gari la vitunguu alipiga honi. Lazaro akavaa kofia, akasema, "Haya, nimesikia," akatupa mkono wote, na Besi pia, akaenda.

Watu walianza kutawanyika. Besi alisimama, akakunja mikono ya shati, akaokota vikombe kwenye mabenchi, kimoja kimoja, akavipeleka uani kwenye karai walikokuwa wanawake wanaosha. Walimwambia, "Baba, acha, hii si kazi yako." Ama hakusikia, ama alijifanya hakusikia. Akachuchumaa, akaanza kuosha. Nilichukua kitambaa nikachuchumaa upande wa pili wa karai. Alikuwa ananipa kikombe, nakikausha, nakifunika kwenye majani. Vilikuwa vikombe vya kijiji kizima, na aliviosha vyote.